Barua ya Amani

Shoga, acha hicho unachofanya unisikilize.

Kitu cha kwanza nilichoona ni wino wa dole gumba. Kiwanda kizima wamepewa kalamu, mimi nimewekewa wino!

Msimamizi akasema, "Weka dole hapo, mwanangu. Ni barua ya kuiombea nchi amani." Washonaji wote walishatia sahihi. Hakuna aliyesoma, na wengine wana vyeti!

Mimi nikaisoma. Kwa sauti. Neno moja moja: "Sisi… washonaji… tunaomba… uchaguzi… ufutwe… rais… aendelee."

Cherehani zote zikanyamaza. Zote!

Fundi mkuu akasema, "Hebu rudia hapo pa kufutwa." Nikarudia. Akakata jina lake. Wengine wakafuata, mpaka karatasi ikawa kama imeparuliwa na kuku.

Msimamizi akanitazama. "Kumbe wewe mbumbumbu ni mwanasiasa! Kesho usije."

Sasa wananiita Mama Katiba, eti nina moyo wa simba. Kazi sina, cheo ninacho.

Sikumwambia mtu, nakwambia wewe: sikutaka wasikie. Kusoma kimya kimya sijui. Niliacha shule kabla hatujafika huko.