Sauti Yangu Iliua Miche ya Mzee Saruni

Shangazi Fransiska, shikamoo. Nakuandikia kwa aibu, naomba unisaidie hata kama utanigombeza. Naitwa Anneth, nina miaka ishirini na tisa, naishi Levolosi, na miaka mitatu iliyopita nilianzisha kitalu cha miche ya parachichi kule Tengeru pamoja na rafiki yangu Ndeshi, yeye ndiye aliyesomea kilimo na ndiye anayebebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha parachichi bora kwenye mche wa kienyeji, mimi kazi yangu ilikuwa simu, yaani kupiga picha, kuposti na kutafuta wateja, na kwa kweli tulikuwa tunakwenda vizuri.

Mwaka jana nikaenda semina ya wajasiriamali, tukaambiwa kila mtu aandike malengo, nikaandika kwamba kufikia Desemba niwe na wafuasi elfu ishirini, nijulikane Arusha nzima kama mtaalamu wa parachichi, na kila swali kwenye kundi letu la WhatsApp la wateja liwe limejibiwa ndani ya dakika tano. Hapo ndipo nilipoanza kumkata Ndeshi kwenye video, inabaki mikono yake tu na sauti yangu, watu wakadhani mikono ni yangu, nami sikuwasahihisha. Ndeshi aliniuliza mara moja tu, "Anneth, mbona mimi sionekani?" nikamjibu biashara inahitaji sura moja.

Kisha Mzee Saruni, mfugaji wa Olkokola aliyechukua miche mia mbili kwa ajili yake na majirani, akauliza kwenye kundi kama aweke samadi iliyotoka zizini siku hiyo au aiache kwanza ioze. Nilikuwa saluni, sikujua jibu, na badala ya kumpigia Ndeshi nikarekodi sauti, "Weka tu baba, mbolea ni mbolea," watu kumi na saba wakaniwekea dole gumba.

Samadi mbichi iliunguza mizizi. Mzee alikuja kitaluni na mche mkavu mkononi, akasema, "Binti zangu, sikuja kugombana, nimekuja kuuliza nilikosea wapi." Shangazi, nikamwambia huenda hawakumwagilia vizuri! Ndeshi akaomba simu ya mzee, akaisikiliza sauti yangu hadi mwisho, akasema, "Baba, hukukosea. Sisi ndio tuliokosea." Akachukua kisu chake cha kubebeshea, akaondoka, na tangu Machi hapokei simu zangu. Wafuasi nimewapata, elfu ishirini na moja, ila kitaluni niko peke yangu na miche ninayojaribu kubebesha inakauka. Niposti maneno gani ya kuomba radhi ili nisipoteze jina?

Anneth, Levolosi

Marahaba, Anneth. Nimekusoma mara mbili na nimeumia, maana najua hukumtakia mzee mabaya. Lakini mwanangu, swali lako ndilo ugonjwa wenyewe. Umempoteza rafiki, umemsingizia mtu mzima uzembe akiwa amesimama mbele yako, halafu unaniuliza habari ya jina?

Kuwa na malengo si kosa, na mtandao si adui. Kosa lako ni kuandika lengo linaloweza kutimia bila wewe kujua chochote. Ungeandika "nijifunze kubebesha", leo ungekuwa na kazi mkononi.

Sasa weka gazeti chini, ingia kwenye kundi, useme kwa sauti yako kwamba samadi mbichi inaunguza mizizi na kwamba uliwapotosha. Usisubiri kesho, huenda kuna mwingine anaizoa zizini muda huu. Jumamosi nenda Olkokola na miche mingine, bila kupiga picha hata moja, umwambie Mzee Saruni mbele ya majirani wale wale kwamba ulijibu usilolijua, kisha ukadanganya. Akikufokea, nyamaza. Ubaki mpaka mche wa mwisho upandwe.

Ndeshi usimsumbue tena kwa simu. Andika kwenye ukurasa wako, kwa jina lake kamili, kwamba mikono ile ni yake na ujuzi ni wake. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Huenda asirudi kabisa, nami sitamlaumu. Mtaje hata hivyo.