Mtihani Mbele ya Kamera

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 43
Kazi: Mpokea simu, kampuni ya maji
Makazi: Nyumba ya marehemu mama yangu, chumba cha nyuma

Ninaeleza kwa hiari yangu, nikijua kuwa nikisema uongo ninaweza kushtakiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia, kwa njia ya masafa. Ninasoma nikitoka kazini. Kaka yangu mkubwa tunamwita Dakika Mbili, kwa sababu kila akitoka anasema anarudi baada ya dakika mbili. Hupenda kuniuliza mbele za watu kama nimeshafika sura ya vichaa. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia tangu mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha.

Mitihani tunafanyia nyumbani. Kamera ya kompyuta inakuwa wazi saa zote mbili. Mwanafunzi awe peke yake chumbani, asiinuke, asigeuke, asizungumze. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mama aliniita katikati ya mtihani, nikaenda. Alitaka pazia lifungwe. Mtihani ulifutwa, na nikaambiwa nikirudia kosa hilo ninaondolewa chuoni. Mama alilia kuliko mimi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, nilimwomba kaka akae na mama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Alifika saa tatu na nusu. Aliniambia, "Nenda kafanye mambo yako, mdogo wangu. Huyu ni mama yangu pia." Nilifunga mlango wa chumba changu nikaanza.

Saa nne na dakika arobaini hivi nilisikia mlango wa mbele. Ule mlango unakwaruza sakafu, hauna siri. Nilidhani ametoka kupiga simu. Nilikuwa kwenye swali la kumi na nne, linalouliza kwa nini mtu aliyezama kwenye jambo moja hasikii mengine. Nilijibu vizuri.

Saa tano na kitu nilisikia ukuta ukigongwa. Kitanda cha mama kiko upande wa pili wa ukuta huo. Hakuniita. Nilijua anaogopa kunifutia mtihani. Nilijiambia kaka amesharudi, atamwangalia. Alipogonga mara ya pili niligeuka, kompyuta ikaandika onyo: tazama mbele. Nikatazama mbele.

Saa sita kamili nilituma majibu nikaenda. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, ameulalia mkono wake wa kushoto, ule mzima. Jirani yetu, ambaye ni muuguzi, alimpima akasema amekwisha fariki. Kaka aliingia saa sita na robo. Alikuwa amenyolewa, ananukia spiriti ya kinyozi. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kichwa kile.

Msibani kaka ameruka kimanga. Amemwambia baba mdogo kwamba aliondoka kabla mtihani haujaanza, kwamba aliniaga, nami nikakubali kubaki na mama. Ndugu wamemwamini. Baba mdogo ndiye aliyeleta malalamiko hapa kituoni kwamba nilimtelekeza mama nikajifungia na kompyuta.

Niliandikia chuo, wakanipa rekodi ya mtihani wangu. Sauti nayo hurekodiwa, kaka hajui. Saa nne na dakika arobaini na moja anasikika akimwambia mama, "Narudi sasa hivi," kisha mlango.

Nimeisikiliza yote, mara moja tu. Siku ile nilisikia mama akigonga mara mbili. Kwenye rekodi amegonga mara kumi na moja. Uso wangu unaonekana wakati wote huo. Nimetulia, naandika.

Ofisa ameniuliza kama ninaelewa kwamba rekodi hii inanigusa na mimi. Ninaelewa. Ichukueni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Mengine sikuyasikia.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeandika kama alivyosema, nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Nimepokea flashi moja. Shahidi aliomba asiwepo ikisikilizwa. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Nimehesabu kugonga mara kumi na tatu. Shahidi hajaambiwa.