Jina Alilolitaja Abshiro

Lozells, Birmingham

Dada Zainab,

Shikamoo. Sisi wazima, ila baridi tu. Kazini, saa ya chakula, nawaendeshea wenzangu mchezo wa dadu: mimi nasimulia safari ya kubuni, kila mmoja anajibunia mhusika wake na kumpa jina, na dadu ndizo zinazoamua yatakayompata.

Jana Abshiro, Msomali wa Kenya aliyeanza kazi juzijuzi, alimwita shujaa wake Amour Kijiko. Dadu zikaniponyoka. Hilo si jina la utani la kaka yetu, ambaye tulishamsomea hitima, Dada!

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Si ni vile mume wangu huitwa? Ako nyumbani, Castle Vale."

Akampigia simu, akanipa.

"Mize," akasema, sauti ile ile. "Mama asijue." Akakata.

Mimi siwezi kunyamaza. Mwambie Mama, lakini akae kwanza.

Mdogo wako,
Mize