Njia ya Njoki Kwenda Ngara

Jumatano, 8 Machi 2006

Nimerudi. Matako yanawaka. Barabara ya Ngong nimeiondoa kabisa kwenye hesabu. Lori la kokoto limenipita karibu mpaka nikahisi joto la tairi. Dereva amecheka. Nimemtukana hadi nikasahau kukanyaga pedeli.

Njoki, kitindamimba wangu, anaanza kazi ya kushona Ngara Jumatatu. Ameapa ataenda na baiskeli. Mama yake amenuna. Ati mimi ndiye niliyemharibu kwa kumfundisha. Basi lazima nimpatie njia ya ndani ya mitaa, isiyo na malori. Naogopa. Hilo simwambii mtu.

Ijumaa, 10 Machi

Kawangware. Mikokoteni, mbuzi, matope. Nimeanguka mbele ya kina mama wa sukuma wiki. Mmoja akaniita babu kwa Kikuyu, "Guka, umekuja kununua ama kulala?" Nikamwambia napima godoro. Wamecheka. Goti halikucheka.

Lakini ukishapita soko unatokea Lavington. Miti, lami safi, kimya. Goti limenirudisha nyumbani. Nitaimalizia Jumapili.

Jumapili, 12 Machi

Nimetoka ibadani nikapanda baiskeli hivyo hivyo. Koti jeusi, tai, Biblia kwenye keria. Lavington, Kileleshwa, mpaka Ngara, sijapigiwa honi hata moja. Njiani wenye mitaa wameweka mageti. Askari wameyafungua kabla sijashuka. Mmoja amepiga saluti. "Pita, mzee wa kanisa." Mimi, mtu wa kukoroma wakati wa mahubiri.

Nimemwelezea Njoki kona zote. Amezirudia bila kukosea. Nimejisikia mkubwa.

Jumatatu, 13 Machi

Giza limeingia. Hajafika. Mama yake amesimama mlangoni, haniangalii. Chai imepoa. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Baadaye. Amefika, anasukuma baiskeli. Kiwiko kimechunika, rimu imepinda. Askari wa geti la kwanza alimkatalia. "Dada, hapa ni kwa wenye nyumba. Unaenda kwa nani?" Hana mtu huko. Ikabidi apitie barabara ya Ngong. Asubuhi alipona. Jioni alijaribu tena, akafukuzwa tena, na lori likamtupa mtaroni.

Akaniuliza polepole, "Baba, siku ile ulipita ukiwa umevaa nini?"

Nikamwambia. Mama yake akaondoka chumbani.

Walifungulia koti. Mimi mjinga nikafikiri wamefungua barabara.

Alhamisi, 16 Machi

Njoki anaenda kazini kwa miguu. Haongei nami sana. Rimu nimeinyoosha mwenyewe. Mama yake anasema niiuze baiskeli hiyo.

Jumamosi, 18 Machi

Asubuhi Njoki ametoa baiskeli zote mbili. Akasema, "Vaa nguo za shamba, twende." Nimevaa ile suruali yenye viraka. Yeye mbele, mimi nyuma, kwa njia aliyoitafuta siku hizi akienda kwa miguu. Akiona geti, anakata kona mapema. Huko Kileleshwa tumeshuka, tukasukuma kwenye kinjia cha kando ya mto. Mara nyingi nilitaka kumwonyesha pa kupita. Nikaendelea kumfuata.

Ni ndefu, hii njia yake. Tumefika Ngara jua likiwa kali. Kila kona aligeuka kuangalia kama bado nipo.