Nilisimama Upande wa Mama wa Ubatizo

Sucre,
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao. Natumaini kifua kimekuachia na baridi ya huko mlimani imeanza kulegea. Mimi ni mzima wa mwili. Sikupiga simu kwa sababu ile ya dukani kwa Don Sabino husikilizwa na kila anayekuja kununua sukari, na haya ni ya masikio yako peke yako. Barua nimempa dereva wa lori la viazi, nikamsihi aifikishe kabla ya Jumapili. Tafadhali isome yote kabla hujafanya lolote.

Uliwahi kuniuliza somo la mikataba linafundishwaje. Wanasema zamani wanafunzi walikariri vifungu vya sheria, wakavitapika siku ya mtihani, yakaisha. Mwalimu wetu mpya, Daktari Arancibia, amekataa mtindo huo. Alituambia tufunge vitabu, kila mmoja alete mapatano yaliyo hai kutoka kwao, bila kutaja majina, nasi tuyashtaki na kuyatetea mbele ya darasa, kisha darasa liamue. Ana sharti moja gumu: aliyeyaleta husimama upande ule anaouogopa. Anasema wakili anayejua maumivu yake tu bado hajaijua kesi.

Unanijua, Mama. Tangu Februari sikuwa nimefungua mdomo darasani. Wilder, kijana wa Cochabamba anayekaa nyuma yangu, aliniita Mtakatifu wa Plasta, eti kama sanamu ya kanisani kazi yangu ni kufutwa vumbi tu. Zamu yangu ilipofika nilitafuta mapatano mengine, nikakosa. Niliyoyajua ni yenu.

Nikaeleza kwamba mwanamke wa mjini amempa mwanamke wa mlimani kondoo wa kufuga kwa nusu, watakaozaliwa wagawanywe sawa. Naye mfugaji akaahidi kwamba binti yake atakaa kwa mwenye kondoo, asome chuo mwaka mmoja, kisha aache na kusimama katika duka lake la kofia mpaka mwenye duka amchoke. Nikasema mwaka huo unakwisha na binti anataka kuendelea kusoma. Halafu, kwa lile sharti, nikageuka kuwa mwenye kondoo, yaani Doña Eulogia, mama yangu wa ubatizo.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema msichana huyu nimemlisha, nimemlaza, nimemwombea kwa Bikira. Kwani mkate wangu ulikuwa wa kutupia ndege? Nilisema kwetu neno ni neno, na asiyelitimiza hata mbwa wake humkana. Wilder, aliyemtetea binti, alianza na mzaha. Aliniita Shangazi Kofia, akaniuliza kama binti naye huuzwa na utepe wake kama kofia, watu wakacheka. Lakini kila alipopita nilimzibia. Darasa likapiga kura, nikashinda. Binti arudi dukani. Niliketi nikiwa nimejihukumu mbele ya watu na hakuna aliyejua.

Daktari Arancibia hakufunga kikao. Aliuliza mapatano yalifungwa vipi. Nikajibu kwamba ni kwa desturi: walimmwagia Mama Ardhi pombe kidogo ya mahindi, chicha, kisha wakanywa kwa kata moja. Akauliza kama binti alikunywa. Nikasema hapana. Akauliza alikuwa wapi. Nikasema alikuwa amesimama mlangoni na mtungi. Yeye ndiye aliyewamiminia.

Wilder alisema polepole kwamba basi walikuwa wanapatana juu yake huku wanamtuma. Nadhani alielewa kwamba binti ni mimi, maana tangu hapo ananiita Casilda.

Mwalimu akasema sheria iliyoandikwa na kata ya chicha zinakubaliana hapa: asiyekunywa hakujifunga. Moyo wangu ukaruka, lakini hakuwa amemaliza. Akasema anayeahidi kwamba mtu mwingine atatenda jambo, hujifunga yeye mwenyewe. Yule mwingine akikataa yuko huru, ila aliyeahidi ndiye anayelipa.

Mama, jana nilimwambia Doña Eulogia kwamba siachi chuo. Alikuwa akishona utepe kwenye kofia, hakuinua macho wala kupaza sauti. Alisema nisome tu, binti yake, Mungu anibariki. Akasema mama yangu ndiye atakayejibu. Jumapili anapanda huko na lori kuchukua kondoo. Nimekwisha kuhamisha nguo zangu, ninalala bwenini.

Siwezi kukuambia kwamba sikujua. Nilijua ni wewe utakayelipa, tena nilikuwa nimeelezwa na mwalimu, na bado nilifungua mdomo. Unaweza kunikasirikia, ni haki yako.

Ila nakuomba hivi. Wale aliowaleta ni wake, lakini nusu ya waliozaliwa mikononi mwako ni wako. Mwite kiongozi wa jumuiya mapema, wagawanywe zizini kabla hata mmoja hajapandishwa kwenye lori. Usinywe naye kitu kabla ya hapo. Na akikumiminia akitaka umwahidi tena kwamba nitarudi, iache kata mkononi mwake, umwambie aje aniulize mimi.

Nisalimie Bibi na wote wanaoniulizia. Nakuombea usiku na mchana.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Casilda Huarachi