Redio ya Pijo Uliyosema Nisiiguse

Kaka Kulwa, pacha wangu,

Mwangaluka, maana naandika asubuhi. Ikikufikia jioni, jisalimie mwenyewe inavyofaa. Barua hii naiacha wazi kwa sababu anwani yako siijui, na kila anayerudi kutoka machimboni Geita ananiambia amekuona mahali tofauti na alipokuona mwenzake. Atakayeipata akusomee tu, asione haya.

Nakuandikia kuhusu redio ya gari.

Unakumbuka ulivyoifunga? Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Kule Zagayu tulikuwa tumezoea mzani mmoja wa ushirika na foleni moja ya kununiana, ghafla kila kivuli kikawa na mzani wake na mtu wa kukuita mjomba. Ukapata kazi kwa mmoja wa hao wanunuzi, na Pijo lako kuukuu likapata kazi pamoja na wewe. Ukasema mkulima akishaona mizani mingi atakwenda penye muziki. Ukaleta redio ya kaseti kutoka Mwanza na spika mbili zilizokuwa zimeng'olewa kwenye kabati la mtu, ukalala chali chini ya dashibodi, miguu yako mirefu nje ya mlango, mimi nimechuchumaa pembeni na kisu cha jikoni.

"Nipe waya."

"Wa rangi gani?"

"Waya ni waya, Doto."

Hapo ndipo nilipaswa kuondoka na kisu changu.

Lakini iliimba, siwezi kukudhulumu. Wakulima walikuja, wengine bila hata kilo ya pamba. Mayu aliyetuzaa alicheza kwa mabega tu, huku ameshika ungo, na ulipomwona ukaongeza sauti, akakutishia kwa ule ungo, naye hakuacha kucheza. Wakati ule macho yake yalikuwa mazima. Siku ile nakupa sifa zote, kaka.

Baada ya hapo redio ikaanza tabia. Ukipiga honi, wimbo unakatika. Ukiwasha indiketa ya kulia, mwimbaji anapata kigugumizi. Ukikanyaga breki, sauti inapanda, ndiyo maana tulikuwa tunaingia mnadani kwa breki kama walevi. Nikakuuliza, ukanijibu, "Limezoea." Kasoro zote za gari lile zilikuwa mazoea yake. Wewe hukuwemo.

Pamba iliposhuka ukaenda machimboni, ukaaga kama mtu anayekwenda dukani. Gari ukaniachia. Nilijifunza kuliendesha kwa kulipeleka mbele na kulirudisha nyuma hapo uani mpaka kuku wakahama, na leseni ilikuja nyuma kidogo ya ujuzi. Kutoka kwako ziliendelea kuja salamu, siku zote zilezile, kwa mdomo wa huyu na yule: "Mwambieni Doto asiguse redio. Nitakuja kuitengeneza mwenyewe."

Hujui salamu hiyo ilifanya nini hapa nyumbani. Jirani akimwuliza Mayu habari zako, anajibu, "Anakuja. Ana kazi yake kwenye gari." Kwa hiyo hakuna aliyegusa. Mimi niliyekuwa naendesha lile gari nilikuwa napiga honi kwa hesabu, nisimkatishe mwimbaji wako.

Halafu macho ya Mayu yakafunga. Mtoto wa jicho, yote mawili. Hospitali ya Mwanza wakasema wanaweza kumtoa, wakatupa siku ya kwenda. Basi halipandi tena, unajua alivyoanguka kwenye ngazi yake. Kwa hiyo ni Pijo, au ni giza.

Tukiwa tunatoka Mwamapalala kumsalimia shangazi, siku chache kabla ya safari, Mayu akaniambia kwa upole kutoka kiti cha mbele:

"Doto, macho yangu leo yamezidi. Naona moshi."

"Mayu, ni moshi."

Ulikuwa unatoka miguuni pake, kwenye redio yako. Nilisimamisha gari, nikamtoa nje kwa kumvuta mkono kama mtoto, nikachomoa waya wa betri. Alisimama kwenye majani ananiuliza tumegonga ng'ombe wa nani.

Nikalipeleka gari kwa fundi Masanja, yule wa umeme wa magari pale Bariadi. Mayu akakataa kubaki nyumbani, akakaa kiti cha nyuma kama mlinzi. Masanja akafungua dashibodi, akachungulia, akauliza swali ambalo mafundi wote wa dunia wanaanza nalo.

"Nani alikufungia hii?"

Nikasema simjui, nililinunua hivyo hivyo.

"Mwongo huyo," Mayu akasema kutoka nyuma. "Ni kaka yake. Wamezaliwa siku moja."

Masanja akanitazama. "Dada, umekaa tumboni na mtu miezi yote ile, humjui?"

Akaanza kuvuta. Kaka, penye fyuzi uliweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na kila ulipounganisha waya, badala ya tepu, ulizungushia pamba. Pamba! Ukaifunga na uzi. Masanja alizitoa moja moja, nyingine nyeupe, nyingine zimeungua, akampigia Mayu kelele: "Mayu, mwanao alikuwa anafunga redio au anashona godoro?"

Mayu hakucheka. Akasema nyaya zisikatwe. Kulwa ameahidi atazitengeneza mwenyewe, akirudi akute kazi yake imeharibiwa, atajisikiaje? Mwanza tutakwenda atakaporudi.

"Anarudi lini, Mayu?"

"Atarudi."

"Na macho?"

"Yatangoja."

Kaka, nimewahi kukukasirikia, lakini siyo kama pale. Ulikuwa mbali, hujui lolote, na ulikuwa unamshinda daktari.

Masanja akaacha kuvuta nyaya. Akachukua kipande kimoja cha pamba kilichoungua, akakiweka kwenye kiganja cha Mayu, akarudi kazini. Mayu akakipikicha. Mikono ile imechuma pamba maisha yake yote.

"Hii ni pamba."

"Ndiyo."

"Aliiweka kwenye umeme?"

"Kila mahali, Mayu."

Akakipikicha tena mpaka kikawa majivu. "Mtoto wa mkulima," akasema. Hakukuita mjinga, ila alisema hivyo, na mimi nisingependa kuitwa hivyo kwa sauti ile. Kisha akajifuta mkono kwenye kanga. "Kateni."

Masanja akang'oa zote. Akafunga nyaya mpya, akaweka fyuzi ya kweli, akakwangua rangi mpaka kwenye chuma ili waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, ushike. Tukaweka kaseti yako. Nikapiga honi, nikawasha indiketa, mwimbaji akaendelea kama hajasikia. Mayu akasikiliza mpaka mwisho.

"Siku zote alikuwa anaimba maneno haya?"

Tulikwenda Mwanza. Mayu anaona. Alipofunguliwa bandeji alinitazama sana, akasema nimezeeka, na tukarudi nyumbani.

Sasa nikuambie kinachonikera, maana siyo redio. Juzi jirani kamwuliza habari zako, na Mayu akafungua mdomo, akaufunga. Ile kazi yako kwenye gari imekwisha. Nimemponya macho, nikamwondolea jibu, na hasira yangu yote nimekutafuta nikupe wewe, sikukuona.

Kwa hiyo nisikie vizuri. Ukija, usije na vyuma vyako, wala usimtume mtu kuniambia nisiguse kitu. Hakuna tena kinachokungoja ukitengeneze. Kuna mama anayekaa mlangoni kuanzia asubuhi, na siku hizi anaona barabara mpaka kule inapokunja. Kila mtu mrefu anayetokea pale anamtazama mpaka amfikie karibu.

Hajaniambia anamtafuta nani. Nami sijamwuliza.

Pacha wako,
Doto