Kidole Gumba cha Mama

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye kipaimara cha Joyce, binti wa jirani. Kijiji kizima cha Mtinko kilikuwa pale. Miguu inauma, nywele zinanuka moshi.

Mama ndiye aliyeipua ugali, kama kawaida. Sufuria la watu hamsini! Mikono mitupu, bila kitambaa. Kwetu mwanamke anayeipua hivyo huitwa kila sherehe, na siku hiyo firigisi ya kuku ni yake, siyo ya wanaume. Vigelegele. Na mimi nilipiga. Mama Joyce akanigeukia mbele ya wote: eti daktari wetu, mtoto wa huyu, hata kikombe cha chai anakishika kwa kanga! Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka pia. Nilimwonea fahari Mama — kweli kabisa.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi Mama alikuwa mlangoni anamenya vitunguu. Kidole gumba cha kulia kina lengelenge kubwa, limepasuka, nyama mbichi inaonekana. Maji ya kitunguu yanaingia humo humo. Naye anaimba.

Nikamuuliza, hakiumi? Akauliza, nini?

Nini!

Nilimfunga macho kwa kanga yake. Pamba — hakuna. Ncha ya kalamu — hakuna. Mwiba, nikabonyeza hadi ngozi ikaingia ndani — hakuna. Mgongo wa kidole anahisi. Upande wa kiganja, kimya. Kwenye mkono, chini ya kiwiko, ana baka lililopauka, ukubwa wa kisosi. Anasema ni mba tu.

Mwaka jana niliuchora mkono huu kwenye mtihani. Neva ya kati kwa wino mwekundu, inapita kwenye kifundo, inaingia kwenye kidole gumba. Niliandika kwamba ncha ya kidole hiki imesongamana vipokezi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili: vya mguso mwepesi karibu na ngozi, vya mgandamizo, vya mtetemo vilivyozama chini, na zile ncha tupu za neva zinazopokea joto na maumivu. Alama tisini na moja. Darasa zima lilinipigia makofi.

Na jana nilipiga vigelegele.

Alhamisi, 12 Juni

Ukoma.

Daktari Andrea wa kliniki alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayeweka yai juu ya meza. Dawa ipo, ni ya bure, miezi kumi na miwili. Vijidudu vitakufa, hataambukiza mtu. Shida ni neva, imevimba. Kwa hiyo kuna vidonge vingine vya kushusha uvimbe. Kama ganzi haijapita miezi sita, hisia zinaweza kurudi. Zaidi ya hapo ni bahati.

Akamuuliza Mama, tangu lini?

Tangu Pasaka, mwanangu, Mama akasema.

Miezi miwili tu! Nilitaka kumkumbatia daktari wa watu.

Njiani tulipofika kwenye mashamba ya alizeti Mama akasema jambo moja, kwa Kinyaturu: mtu yeyote asijue.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeuliza kwa ujanja. Mama Joyce alikuwa anapepeta uwele. Nikamwamkia, nikapokea ungo, nikasema Mama ana mikono migumu sana siku hizi. Akacheka. Siku hizi? Huyo tangu Krismasi ya mwaka juzi hatafuti kitambaa! Zamani alikuwa anarukaruka na sufuria kama sisi wengine.

Krismasi ya mwaka juzi. Nilikuwa likizo. Nilikaa karibu na jiko. Nilikula ugali ule.

Mwaka mmoja na nusu.

Sijamwambia Mama kwamba najua. Pengine aliliogopa jibu la daktari. Pengine aliniogopea mimi.

Jumamosi, 28 Juni

Kipimo cha kwanza nyumbani. Daktari amenipa kadi yenye picha ya kiganja na vitone. Kidole gumba kina vitone vitatu. Kila wiki mbili hivi Mama anafumba macho, namgusa kwa uzi wa nailoni, anasema "hapo". Akisema, tiki. Asiposema, msalaba.

Misalaba mitatu.

Nimeomba ruhusa chuoni hadi Oktoba. Mama amenuna siku nzima. Tangu Baba afariki tuko wawili tu, nani mwingine atampima? Anasema mkono wake umelima mpaka nikafika chuo, hauwezi leo kunitoa huko.

Jumapili, 13 Julai

Misalaba mitatu.

Walikuja kumwita kwenye harusi, akaipue. Akasema ana malaria. Tukakaa ndani, tunasikia vigelegele vya kumshangilia mwanamke mwingine. Alijaribu kufunga kifungo cha blauzi, kidole kikateleza, kikateleza tena. Nikamfungia. Hakuniangalia.

Ijumaa, 15 Agosti

"Hapo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikarudia. "Hapo, nimesema!"

Tiki moja. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikalia na kanga mdomoni. Mama akanifuata: unalia nini, kwani kidole ni chako?

Neva huota upya taratibu, kama milimita moja kwa siku. Nimepima kwa rula kutoka kifundo chake hadi ncha ya kidole. Sentimita kumi na mbili. Siku mia na ishirini, Mungu akipenda. Usiku na mchana inatambaa humo ndani, gizani, inatafuta njia ya kurudi. Nalala nikiifikiria.

Jumamosi, 20 Septemba

Tiki tatu! Zote!

Daktari Andrea amefurahi. Tumpelekee kadi ya mwisho Jumatatu, tarehe sita Oktoba. Ikiwa hivi hivi, atavipunguza vile vidonge vya uvimbe mpaka viishe. Kama ingebaki misalaba angetuandikia rufaa, neva ikafunguliwe kwa upasuaji kabla mkono haujakakamaa. Ila naona haitahitajika, akasema.

Tarehe sita chuo kinafunguliwa. Mama atakwenda kliniki peke yake na kadi. Mimi nitakuwa kwenye basi. Amekwisha kuliteremsha begi langu, analipangusa vumbi kila siku. Hata halina vumbi tena.

Ijumaa, 3 Oktoba

Koti langu jeupe la wodini lilitoka kifungo. Mama akaninyang'anya. Nitashona mwenyewe, unaona nimepona! Akakaa kwenye kigoda. Mimi nikaenda kuchota maji.

Niliporudi koti lilikuwa na madoa mekundu kifuani. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kidole gumba, imesimama pale pale, naye anavuta uzi na kunisimulia habari za mbuzi wa Mama Joyce.

Niliichomoa. Akaangalia damu. Akasema, ah, sindano hii ina kutu.

Nimejipa somo zima kitandani. Inawezekana! Vipokezi vya mguso na ncha za maumivu ni vitu viwili. Inawezekana mguso umetangulia kurudi, maumivu yatafuata. Kitabu hakikatai. Nimekisoma ukurasa huo mara nne.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kipimo cha mwisho. Kigoda kile kile, mkono wake juu ya goti langu. Amefumba macho.

Kidole cha shahada nilimgusa kweli. "Hapo."

Kisha nikausogeza uzi juu ya kidole gumba, nikauacha hewani. Upana wa kidole kizima kati yake na ngozi.

"Hapo."

Nikasogea kitone cha pili. Hewani.

"Hapo."

Nikauweka uzi chini. Mikono yangu nikaikalia. Nikazuia pumzi. Kuku akapita, akadonoa kitu, akaondoka.

"Hapo, mwanangu."

Uso wake ulikuwa wa mtu anayewapakulia wageni na ana uhakika chakula kitatosha.

Ngapi? akauliza, hajafumbua. Zimetimia? Nikachukua kalamu. Akasema, basi andika, andika upesi tukafunge begi. Jumatatu si mbali. Usije ukasema umesahau sweta.

Kadi iko juu ya daftari hili. Nimeisukuma pembeni. Naandika hapa, si pale. Vitone vitatu viko vitupu. Nikitia misalaba, sipandi basi, na yeye anajua hilo. Nikitia tiki —

Anaisikia kalamu inavyokwenda. Amefumba macho bado. Anatabasamu. Anasema, mbona unaandika mengi hivyo, kwani tiki ni ngapi?